Sifuri Ukiiongeza Nane

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu Kisoda,

Marahaba ya barua yako ya mwezi uliopita, najua nimechelewa kuijibu. Mama hajambo. Anasema ule. Ukishakula, anasema, ule tena, maana kwenye ile picha uliyotuma shingo imekuwa kama ya mtu aliyetoka kuugua. Ujumbe nimefikisha, yaliyobaki ni yako na yeye.

Hapa hospitali kumechafuka. Kuna mtu ameingia kwenye seva ya tatu, ile kompyuta kuu yenye mafaili ya wagonjwa, akiwa na mamlaka yote ya msimamizi, na amesoma mafaili na kuondoka nayo. La Mwalimu limeshafika mtaani. Unamkumbuka, yule mama anayefundisha hesabu, mlango wake uko chini ya wetu, wewe mwenyewe ulikuwa unamkwepa ngazini asikuulize jedwali la saba. Ugonjwa wake, dawa zake, tangu lini anazitumia, kila kitu. Jana muuza vocha alikuwa anawauliza wateja kama wamesikia. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Sasa sikia. Mamlaka ya msimamizi tunayo wawili tu, mimi na Meneja, na Meneja alikuwa safarini. Kwenye logi, yaani daftari la mashine la nani ameingia na kufanya nini, hakuna paswedi iliyobahatishwa wala mlango uliovunjwa. Kuna msimamizi anafungua mafaili, basi, kama vile ni mimi niliyeketi pale na chai yangu. Meneja bado hajasema neno, lakini ananitazama kama anayepima nguo.

Nimeikwangua seva yote kutafuta kisicho chetu. Kwenye folda ya muda, ambayo kila mtumiaji anaweza kuweka vitu, nimekuta viprogramu vitatu visivyo na mwenyewe. Nimekuambatishia. Wewe ndiye unayelipwa kushughulika na kiini cha mfumo endeshi, yaani moyo wa programu inayoendesha kompyuta nzima, tena kipande kile kile kinachokagua programu za watu kabla hazijaruhusiwa kuingia ndani. Hebu vitazame uniambie ni takataka au ni kitu.

Dada yako


Jumatano, 5 Machi

Dada,

Barua nimeipata. Naomba unijibu haya.

Kwenye seva ya tatu, mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kupakia programu ndogo za kupima ndani ya kiini? Kama ndiyo, nani aliomba?

Kama bado iko wazi, ifunge leo. Leo hii. Mashine yenyewe usiizime, wala usikubali mtu aifute.

Kisoda


Ijumaa, 7 Machi

Kisoda,

Shikamoo zimekwisha huko? Mistari michache, mikavu, kama telegramu ya msiba. Mama ameniuliza umeandika nini nikamwambia unasalimia. Nimedanganya kwa ajili yako, uandike hilo mahali.

Majibu yako haya hapa. Ndiyo, ilikuwa wazi. Tangu alipokuja mkandarasi wa vipimo, yule anayepima kasi ya mtandao, Meneja aliniagiza nimfungulie ruhusa apakie viprogramu vyake. Nikamfungulia. Juzi ulivyosema ifunge, nikaifunga, sikuuliza, kwa sababu ni wewe umesema.

Jana asubuhi Meneja akaona mpangilio wa mashine umebadilishwa, na jina la aliyebadilisha ni langu. Akaniita. "Tumesema mashine isiguswe na mtu, wewe umeigusa. Ulikuwa unafunga nini?" Nikasema nafunga pengo. "Pengo gani?" Ningesema nini, Kisoda? Pengo gani? Sijui pengo gani! Niseme mdogo wangu ameniambia? Mtu mzima kama mimi?

Nimesimamishwa kazi. Wamechukua kadi, funguo na simu ya ofisi. Kikao cha nidhamu ni Alhamisi ya tarehe 20. Mlinzi wa geti, ambaye hatujawahi kupishana bila kutaniana, amenikagua mkoba huku anatazama pembeni, na mimi nikamsaidia kuufungua zipu kwa sababu ile zipu inakwama.

Halafu ngazini nikakutana na Mwalimu. Nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu." Akanitazama, akapita. Hakuitikia. Ninaishi jengo hili tangu nina meno ya utoto na sijawahi kumpa mtu shikamoo ikaachwa inaning'inia. Habari zimefika: aliyesoma faili lake ni mimi. Na nikijiweka mahali pake, Kisoda, na mimi ningeamini.

Na wewe unaniuliza maswali ya kituo cha polisi. "Nani aliomba." Si uniulize wazi basi: dada, ni wewe? Niulize nikujibu. Huulizi, ndicho kinachoniuma.

Dada yako, kama bado unanitambua


Jumamosi, 8 Machi

Shikamoo dada,

Shikamoo tena, ya Jumatano niliyoisahau. Sijakudhania hata kwa sekunde moja. Ningekudhania nisingekuandikia kabisa, unanijua.

Kuna mambo siwezi kuyaandika. Siyo kwamba sitaki. Naomba uniamini kama ulivyoniamini juzi, ingawa najua kuniamini kumekugharimu. Mimi ndiye niliyekuambia ufunge, na matope yamekurukia wewe. Nalala nalo hilo.

Usisaini chochote watakacholeta, hata kama ni barua ya kujiuzulu yenye maneno matamu. Kikao wakitaka kukiwahisha, kataa. Kisiwe kabla ya tarehe 18. Hiyo 20 ni sawa.

Mwambie Mama nakula. Leo nimekula mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, lakini imeingia.

Mdogo wako,
Kisoda


Jumapili, 9 Machi

Marahaba mdogo wangu,

Ukali wangu wa juzi uusamehe. Haya, sasa tulia usome. Usijibu lolote katika haya, tutazungumza kuhusu mvua.

Wewe tangu utotoni hujui kuficha. Ulipoangusha redio ya Baba ulikuja jikoni ukaniuliza, "Dada, redio ikianguka huwa inavunjika ndani au nje?" Ndivyo ulivyoniuliza Jumatano. Nimekaa nyumbani sina kazi, nina maswali yako mezani, nikaanza kuyapanga kama vipande vya redio ile.

Nyinyi watu wa kiini mkigundua kasoro kubwa mnajifungia nayo chumbani. Wanajua wachache, mnashona kiraka, kisha siku moja kinatolewa kwa dunia nzima, ili mwizi asijue kabla ya mwenye nyumba. Na viraka vyenu hutoka Jumanne. Tarehe 18 ni Jumanne. Unaona ulivyo mwepesi?

Kwa hiyo: mkandarasi alikuwa na akaunti ya kawaida. Alipakia kiprogramu. Mkaguzi wenu wa kiini akakisoma mstari kwa mstari, akasema salama, pita. Kumbe si salama, na kilipoingia kikampa mamlaka yote. Ndiyo maana logi zinaonyesha msimamizi tu. Msimamizi alikuwa yeye.

Sitasema. Usiwe na wasiwasi. Mfumo huo huo uko hospitali ngapi, viwanda vingapi, sijui, na kila mahali kuna mtu mwenye akaunti ndogo na roho ndogo. Kikao ni tarehe 20, kiraka tarehe 18, nitaingia mle ndani nikiwa na maandishi yenu mkononi na nitamtazama Meneja usoni. Siku hizo chache nitameza.

Mwalimu leo tena hakuitikia. Mimi namwamkia tu, sitaacha.

Huku mvua hakuna. Huko?

Dada yako


Jumanne, 11 Machi

Shikamoo dada,

Mvua ipo. Barua yako nimeipeleka kama ilivyo kwa Mzee Hapana. Ndiye anayemsimamia mkaguzi, kile kipande kinachokagua programu, na jina hilo tumempa kwa sababu kila kiraka ukimpelekea anakujibu neno moja, na siyo ndiyo. Alinisema mpaka masikio yakawaka. "Maswali mawili tu, na duka zima umeliuza!" Kisha akauliza, "Huyo dada yako anajua kunyamaza?" Nikasema anaongea kuliko redio, lakini ya kazi hayamtoki. Baadaye kikundi kikakubali uingizwe kati ya wanaojua. Sasa naruhusiwa kukueleza, na wewe huruhusiwi kumweleza mtu yeyote mpaka kiraka kitoke. Hata Meneja, hata kamati yenu ya nidhamu.

Umekisia karibu yote. Kasoro ni hii. Kiprogramu kikihitaji sehemu ya kuwekea kitu, kinakiomba kiini. Kiini kinakipa kielekezi, yaani namba ya mahali sehemu ilipo. Kama sehemu haipo, kinapewa sifuri, maana yake hakuna. Kwa hiyo sheria ya mkaguzi ni kwamba kabla hujagusa ulichopewa, lazima uulize kwanza: hii ni sifuri? Ukiuliza na ikawa siyo sifuri, unaruhusiwa kugusa.

Tatizo ni kwamba mkaguzi alikuwa anamwachia mtu aongeze namba kwenye kielekezi kabla ya kuuliza. Sasa chukua sifuri, ongeza nane. Halafu uliza: ni sifuri? Siyo, ni nane. Basi mkaguzi anaamini una sehemu halali mkononi, na wewe huna kitu, una namba tu ya kwenda kuchokoa pasipo pako. Ukishaweza kuchokoa ndani ya kiini, kujipa mamlaka ni kazi ndogo.

Kiraka nimekiandika mimi. Nimeorodhesha aina zote za vielekezi vinavyoweza kuwa tupu, vinavyotoka kwenye jedwali la kuhifadhia data, kwenye soketi za mtandao na vinginevyo, na mkaguzi sasa anakataa kuongezwa kwa chochote kilicho kwenye orodha hiyo. Mzee Hapana amesema "labda", kwake hiyo ni sherehe. Viprogramu vyako vitatu nimevipitishia macho, ni mtindo huo huo.

Tarehe 18. Vumilia.

Mdogo wako,
Kisoda


Ijumaa, 14 Machi

Kisoda,

Barua hii niliiandika jana nikaiacha. Nikapika, nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu, nikagombana na Mama kuhusu ndoo. Leo nimeisoma tena na bado inasema kilekile, kwa hiyo naituma.

Nimekisoma kile kiprogramu cha tatu. Wewe umekipitishia macho, mimi nilikuwa na muda wa kukisoma kama mtu anayechambua mchele. Hakiombi sehemu kutoka kwenye jedwali. Kinaomba nafasi kwenye foleni, ile mpya ya kupeleka habari nje ya kiini, iliyoongezwa mwaka jana. Foleni ikijaa, kinapewa sifuri. Kinaongeza nane. Kinauliza. Kinapita.

Hujaitaja foleni kwenye orodha yako. Uliandika "na vinginevyo", na mimi nimejipa moyo tangu jana kwamba foleni imo humo kwenye vinginevyo. Imo?

Nikwambie kilichonifanya niiache barua. Kama haimo, kiraka chako kitatoka Jumanne kikiwa na tundu, na hakuna atakayejua, kwa sasa. Na mimi Alhamisi nitakuwa nimesafishwa. Kama haimo na nikakwambia, mtarudi mezani, na mimi Alhamisi nitaingia mikono mitupu. Nililijua hilo nikiwa bado nakisoma mstari ule. Nilijisemea, dada, si kazi yako, hata hulipwi mwezi huu. Nilitaka kunyamaza. Nakuambia kabisa, nilitaka.

Lakini huyo bwana wa vipimo anazunguka hospitali nyingine anapima mitandao, na ana viprogramu vitatu mfukoni, siyo kimoja. Mkimfungia mlango wa jedwali atatumia wa foleni. Na huko pia kuna kina Mwalimu.

Niambie imo.

Dada yako


Jumamosi, 15 Machi

Shikamoo dada,

Haimo.

Nilijaribu asubuhi kiprogramu chako kwenye mashine yenye kiraka changu. Kimepita bila hata kukohoa. Nilipoandika orodha nilitegemea aina ninazozijua kwa kichwa, na foleni ni ya juzi, iliongezwa na wengine. Na hicho kiprogramu nilikuwa nacho tangu mwanzo wa mwezi. Uliniletea mkononi na sikukisoma.

Mzee Hapana amesema hapana, na safari hii alieleza. Orodha ya vilivyokatazwa haifai kitu, anasema, kwa sababu kila mwaka mtu ataongeza aina mpya na atasahau kuja kuiandika. Tumeigeuza. Sasa mkaguzi hataji aina yoyote. Chochote kinachoweza kuwa tupu kinawekewa alama tangu kinapotolewa, na chenye alama hakiongezwi, kiwe kimetoka jedwali, foleni au mbinguni. Uliza kwanza, ongeza baadaye. Ni mistari michache kuliko yangu ya kwanza, lakini inagusa sehemu nyingi, na lazima ijaribiwe kwenye kila aina ya mashine tunayoiunga mkono.

Haitatoka tarehe 18. Itatoka tarehe 25.

Niliwaomba wakuruhusu uiambie kamati yenu, hata mtu mmoja. Wakauliza nani atakuwemo chumbani, na bila kujua hilo hawaruhusu. Unajua nani atakuwemo?

Nisamehe dada.

Kisoda


Alhamisi, 20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba ya Jumamosi. Nilichelewa makusudi, sikutaka uandike barua nyingine ya kuomba radhi. Kikao kimekwisha, nipo nyumbani, Mama ananikaanga kwa macho.

Uliuliza nani atakuwemo. Meneja, mkuu wa wauguzi, mtu wa utumishi, na Mwalimu, kwa sababu ndiye mlalamikaji. Halafu mlango ukafunguliwa akaingia mkandarasi wa vipimo na kompyuta yake kwapani. Ameitwa kama mtaalamu! Aje aeleze kama kuna mtu aliingia kutoka nje. Akaeleza vizuri sana, na grafu. Kutoka nje hakuna aliyeingia. Na ni kweli, Kisoda, hata mimi ningeapa. Akaniomba nisogeze kikombe ili apate pa kuweka kompyuta, na mimi nikasogeza.

Meneja akauliza, "Kama si wewe, ni nani?" Nikasema nimeelewa jinsi mtu alivyoingia, ila siwezi kueleza leo, naomba mniulize Jumanne ijayo mchana. Mkuu wa wauguzi akacheka. Mtu wa utumishi akauliza Jumanne kuna nini. Nikasema ni Jumanne tu. Nilijisikia mjinga, nikajiona ninavyoonekana. Yule bwana wa grafu akanitazama sana, nikaogopa kuwa nimesema kupita kiasi. Baada ya hapo kila swali nilijibu, "Sina la kusema."

Mwalimu hakuuliza kitu. Alikaa na mkoba wake mapajani, ananitazama mimi mdomoni, akingoja. Nilimwona anangoja. Hilo ndilo gumu, mengine yote ni maneno ya ofisi.

Wamenifukuza. Barua ya kufukuzwa wameniletea nisaini kuwa nimeipokea. Nimesaini kupokea, sikusaini kukubali.

Jumanne isiteleze.

Dada yako


Jumanne, 25 Machi

Shikamoo dada,

Kimetoka, asubuhi hii. Saa hizi kinapakuliwa kila mahali, mafundi wa dunia nzima wanazima na kuwasha mashine na kututukana.

Kuna desturi yetu moja unaijua. Chini ya kila kiraka huandikwa nani ameripoti kasoro, kwa jina kamili, na ikishaingia kwenye historia ya kiini haifutwi na yeyote, hata Mzee Hapana. Kasoro ya kwanza iliripotiwa na mtafiti mmoja ambaye simjui. Mstari wa pili ni jina lako lote la cheti cha kuzaliwa, na maneno haya: "Aligundua njia ya foleni ambayo kiraka cha kwanza kiliiacha wazi, kutokana na kiprogramu alichokikuta kwenye seva iliyoingiliwa." Maneno hayo si yangu. Ni ya Mzee Hapana, ameyaandika mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika mstari wa shukrani wenye zaidi ya jina.

Chapa nakala. Uchape nyingi.

Mdogo wako,
Kisoda


Ijumaa, 28 Machi

Mdogo wangu Kisoda,

Marahaba, na asante, na mwambie Mzee Hapana asante.

Juzi simu ikaita. Meneja. Akauliza Mama hajambo. Akauliza mvua huku kwetu vipi, utadhani tunakaa miji miwili. Nikamwacha azunguke mpaka achoke. "Sasa, kile kiraka," akasema, "kinawekwaje?" Kumbe amekisoma mpaka chini. Nikaenda. Mlinzi wa geti akaniandika kwenye kitabu cha wageni, akaniuliza nimekuja kumwona nani, nikamwambia seva ya tatu. Akacheka mpaka akakohoa, mkoba hakuugusa. Nimeweka kiraka kwenye mashine zote, nimejaribu viprogramu vyote vitatu, mkaguzi amevikataa kimoja kimoja. Nilikaa pale nikavijaribu tena kwa raha tu.

Yule bwana wa grafu amekamatwa hospitali nyingine, wamemkuta na mafaili. Kamati yetu inakaa tena Jumatatu. Nimesema narudi, kwa sharti kwamba barua ya kunirudisha isomwe kwa sauti mbele ya watu walewale.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya hayo.

Jana nilishuka nikamgongea Mwalimu. Akafungua kidogo, upana wa uso. Nikamwambia, "Mwalimu, naomba dakika moja, ni swali la hesabu." Nadhani ni hesabu iliyomfanya asifunge. Nikamuuliza sifuri ukiiongeza nane unapata nini. Akanitazama kama mwendawazimu. "Nane." Nikamweleza yote pale mlangoni, kielekezi, mkaguzi, nane. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Yaani wanakuacha uweke kitu kwenye kikapu, ndipo wanauliza kama kikapu ni kitupu?" Nikasema ndiyo hivyo. "Wanafunzi wangu wa darasa la nne wasingefanya hivyo," akasema. Usiudhike, nakupa alivyosema.

Nikampa nakala ya ule ukurasa uliosema nichape. Akasoma jina langu, akasoma tarehe za chini, pamoja na ya siku niliyoripoti. Ni mwalimu wa hesabu, tarehe hazimpiti.

"Siku ya kikao ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na yule kijana wa grafu alikuwa amekaa pembeni yangu. Aliniazima kalamu."

"Ndiyo."

"Nikaondoka pale nikijua ni wewe. Usiku kucha nikakulaani kwa jina."

Nikamwambia sikuruhusiwa kumwambia mtu, na ningefungua mdomo wangeumia wengine. Nilisema vizuri tu, nilikuwa nimejizoeza ngazini. Akangoja nimalize.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Unadhani kuna mtu jengo hili anayejua kutunza siri kunizidi? Yangu nimeitunza miaka kumi na nne, mpaka nyinyi mlipoiweka kwenye mashine."

Akanirudishia karatasi. Akafunga mlango, taratibu, hakuubamiza. Nikapanda ngazi na karatasi yangu mkononi. Jina langu limesafishwa mpaka mwisho wa dunia, na ugonjwa wake bado uko kwa muuza vocha. Kiraka chenu hakiongezi kitu hapo. Nimelia, nakwambia tu ujue, nimelia mbele ya Mama, naye akadhani ni wewe umeumwa.

Leo asubuhi nilikuwa nashuka na ndoo ya taka. Mlango wake ulikuwa wazi, alikuwa anafuta kizingiti. Nikasema, "Shikamoo Mwalimu," kwa mazoea, nikaendelea na ngazi bila kusimama, maana nimezoea kutosimama.

Nilikuwa nimefika chini kabisa niliposikia kutoka juu:

"Marahaba."

Nikasimama na ndoo yangu. Kitambaa kikawa kinafuta, kinafuta, kisha kikatulia.

"Na siku nyingine," akasema, "ungoje nikujibu."

Dada yako